Bawa la ndege ya kasi kupita sauti: namna ya kulipanga ili hewa ipite juu yake bila vurugu

Mwambie kijana achore ndege inayopita sauti, na mkono wake utaenda wenyewe kwenye pembetatu ya Concorde. Ni umbo zuri, na lilibeba abiria kwa Mach 2, yaani mara mbili ya kasi ya sauti, hadi mwaka 2003. Lakini kama lengo lako ni kupunguza ukinzani kwa kuiacha hewa iteleze kwa utulivu juu ya bawa, bila pampu wala vitundu vya kuinyonya, pembetatu ni mahali pabaya pa kuanzia. Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa Polytechnique na mafundi wa hapa Lubumbashi wanaopenda ndege. Hesabu zote zinafanyika kwa kalkuleta ya simu, hata siku ambayo umeme umekatika. Majaribio mawili ya mwisho yanataka bati, pipa la maji, gari moja na asubuhi isiyo na upepo.

Kwanza tuelewane juu ya kitu kimoja. Hewa ina mnato. Ile inayogusa ngozi ya bawa imesimama kabisa, na kadiri unavyopanda juu ya ngozi mwendo wake unaongezeka mpaka unafikia kasi kamili ya nje. Eneo hilo jembamba ndilo tabaka la mpaka, ambalo Ludwig Prandtl alilieleza mwaka 1904. Kwenye ndege tutakayoipigia hesabu hapa, mita moja nyuma ya ukingo wa mbele, tabaka hilo likiwa tulivu lina unene wa milimita mbili hivi. Likiwa tulivu, hewa inateleza kwa safu safu na kuisugua ngozi kidogo. Likivurugika, hewa ya kasi ya juu inashushwa chini mara kwa mara hadi kwenye ngozi, na msuguano unapanda mara nyingi. Kazi yako yote ni kuchelewesha vurugu hiyo.

Hatua ya 1: Chagua kasi na kimo, upate nambari ya Reynolds

Tuchukue Mach 1.6 kwenye kimo cha mita 15,000. Kule juu joto la kawaida ni nyuzi 56.5 chini ya sifuri, na sauti inasafiri mita 295 kwa sekunde. Ndege yetu basi inakwenda mita 472 kwa sekunde. Densiti ya hewa ni kilo 0.194 kwa mita ya ujazo, na mnato ni 0.0000142. Zidisha densiti kwa kasi, gawanya kwa mnato: unapata karibu milioni 6.45 kwa kila mita ya bawa. Kama bawa lako lina mita 2 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, nambari ya Reynolds, inayolinganisha nguvu ya mwendo wa hewa na mnato wake, ni karibu milioni 13.

Nambari hiyo ikipanda, utulivu unakuwa mgumu kuulinda. Kwa hiyo una silaha mbili za bure kabla hujachora chochote. Paa juu zaidi: kwenye mita 18,000 na kasi ileile, kila mita inakupa milioni 4 tu. Au fanya bawa liwe fupi kutoka mbele kwenda nyuma na refu kwenda pembeni.

Hatua ya 2: Jua unachokitafuta kina thamani gani

Tunatafuta kigawo cha msuguano, namba inayoonyesha ukubwa wa msuguano kwenye ngozi. Kwa bawa tulivu lote, gawanya 1.328 kwa kipeuo cha pili cha nambari ya Reynolds. Kwa milioni 12.9 utapata 0.00037. Kwa bawa lililovurugika lote, tafuta logi ya nambari hiyo kwa msingi wa 10, ipandishe kwenye kipeo cha 2.58, kisha gawanya 0.455 kwa jibu lake. Utapata 0.0029. Bawa lina uso wa juu na wa chini, kwa hiyo zidisha kwa mbili: 0.0007 dhidi ya 0.0058. Mara nane.

Usifurahi mapema. Kanuni hizi ni za ubao bapa kwenye hewa ya mwendo mdogo. Kwenye Mach 1.6 msuguano wa vurugu unashuka wenyewe kwa chini kidogo ya moja ya tano, kwa sababu hewa iliyo karibu na ngozi imepata joto na kuwa nyepesi. Tena, hakuna atakayekupa bawa tulivu asilimia 100. Ukifanikiwa kulinda nusu ya kwanza tu, hesabu inatoa karibu 0.0031 kwa nyuso zote mbili. Bado ni karibu nusu ya ulichokuwa ukilipa.

Hatua ya 3: Chora umbo la dengu, siyo la tone la maji

Hapa ndipo kasi kupita sauti inapotoa zawadi, na wengi hawaioni. Kwenye ndege ya kawaida hewa inaharakisha hadi kwenye sehemu nene ya bawa, kisha shinikizo linalazimika kupanda tena kuelekea nyuma. Mahali shinikizo linapopanda, mawimbi madogo ndani ya tabaka la mpaka, yale ya Tollmien na Schlichting, yanakua haraka na kuvunjika kuwa vurugu. Ndege ya kivita P-51 Mustang ilipewa bawa lililosogeza unene nyuma kwa ajili hiyohiyo, na vitani ngozi yake yenye mikwaruzo na wadudu haikuuacha utulivu ufike mbali.

Juu ya kasi ya sauti mambo yanageuka. Shinikizo mahali popote linafuata mteremko wa uso mahali hapo hapo: zidisha pembe ya uso (kwa radiani) kwa 2, gawanya kwa kipeuo cha pili cha Mach ya mraba toa 1. Kwa Mach 1.6 kigawanyo hicho ni 1.249. Sasa chukua umbo lenye ncha kali mbele na nyuma, lililobinuka kwa upinde mmoja juu na mmoja chini, kama dengu iliyokatwa katikati. Unene wake uwe asilimia 4 ya umbali kutoka ncha ya mbele hadi ya nyuma. Ukingo wa mbele uso umeinama radiani 0.08, yaani nyuzi 4.6. Katikati uko sawa. Nyuma umeinama 0.08 kuelekea chini. Weka kwenye kanuni: shinikizo linaanza na 0.128, linapita sifuri katikati, linaishia kwenye hasi 0.128. Linashuka tangu ncha hadi ncha, na kupanda kwake kunafanyika ghafla kwenye wimbi la mshtuko la ukingo wa nyuma, mahali ambapo bawa limekwisha na huna tena cha kulinda.

Ukiinua pua ya ndege kwa nyuzi 2, unaongeza au kupunguza kiasi kilekile kwenye kila nukta ya uso. Mteremko wa shinikizo unabaki vilevile juu na chini. Kwa bawa la ndege ya abiria ya kawaida, huo ni utajiri.

Umbo la almasi, lenye pande bapa na kona katikati, linapendwa kwa sababu ni rahisi kuchonga. Liache. Kwenye kila upande bapa shinikizo halibadiliki, kwa hiyo hakuna kinachoyatuliza mawimbi. Pia kumbuka kwamba kanuni hii inataka wimbi la mshtuko likae limeshikamana na ncha. Karibu na Mach 1.2 wimbi linajitenga mbele ya bawa, na hesabu zote za hatua hii zinakufa.

Hatua ya 4: Punguza unene mpaka uumie

Ukinzani wa mawimbi, yaani ule unaoletwa na mawimbi ya mshtuko, wa umbo la dengu ni 16 gawanya kwa 3, zidisha kwa mraba wa unene, gawanya kwa 1.249 yetu. Kwa unene wa asilimia 3 ni 0.0038. Asilimia 4, 0.0068. Asilimia 5, 0.0107.

Weka namba hizi kando ya zile za hatua ya 2. Kutoka asilimia 3 kwenda 4 umelipa 0.003. Kutuliza nusu ya bawa kulikuwa kumekupa 0.0027. Asilimia moja ya unene imekula faida yote! Ndiyo maana ninasema anayezungumzia utulivu wa hewa bila kuzungumzia unene anajidanganya.

Ndege ya kivita F-104 Starfighter ya Lockheed ilikuwa na bawa la asilimia 3.36, na ukingo wake wa mbele ulikuwa mkali hivi kwamba ndege ikiwa chini mafundi waliufunika ili usimkate mtu. Bei ya bawa kama hilo unaijua mapema: hakuna nafasi ya mafuta ndani, wala ya kukunjia magurudumu, na wakati wa kutua hewa inaachana haraka na ncha kali. Utahitaji vibamba vya kushuka mbele na nyuma, na ndege itatua kwa mwendo mkubwa.

Hatua ya 5: Nyoosha bawa

Hii ndiyo hatua inayoamua, na ndiyo wengi wanayoiruka kwa sababu bawa lililolala nyuma linapendeza macho.

Bawa likilala nyuma, shinikizo linalobadilika haliisukumi hewa kwenda nyuma tu, linaivuta pia upande. Hewa ya nje ina kasi na inajipinda kidogo. Hewa ya chini karibu na ngozi imechoka, kwa hiyo inavutwa upande zaidi. Ndani ya milimita mbili zile unakuwa na mtiririko wa pili unaokata ule mkuu kwa mshazari. Mtiririko huo hauwezi kutulia: unajigawa kuwa vijiviringo vyembamba vilivyopangana sambamba, na vijiviringo hivyo vikikua, vurugu inaanza karibu kabisa na ukingo wa mbele. Waingereza waliiona alama yake kwenye mabawa ya ndege halisi mwaka 1952, baada ya kujiuliza kwa nini bawa lililolala lilikuwa linavurugika mapema kuliko hesabu.

Sasa angalia mtego. Shinikizo linaloshuka kwa nguvu, ambalo kwenye hatua ya 3 lilikuwa dawa ya mawimbi ya Tollmien na Schlichting, ndilo hilohilo linaloivuta hewa upande bawa likilala. Ukizidisha dawa, unazidisha ugonjwa wa pili. Kwenye bawa lililonyooka ugonjwa wa pili haupo, unabaki na dawa tupu.

Watu wamejaribu njia tatu. Marekani, shirika la anga la NASA lilichukua ndege ya kivita F-16XL, ambayo sehemu ya ndani ya bawa lake ililala nyuzi 70, likaibandika paneli ya titani yenye vitundu zaidi ya milioni 10 vilivyotobolewa kwa leza ili kuinyonya hewa ya chini. Inawezekana, lakini hiyo si njia ya asili tena: una pampu, mabomba na uzito. Wajapani wa JAXA, shirika lao la anga, walibaki na bawa lililolala, ila walilichonga ili shinikizo lishuke ghafla karibu kabisa na ukingo kisha litulie, hewa isipate muda wa kuvutwa upande. Kielelezo chao kisicho na injini, NEXST-1, kilirushwa kwa roketi kule Woomera, Australia, mwezi Oktoba 2005 na kufikia Mach 2, baada ya jaribio la mwaka 2002 kuanguka. Njia ya tatu ni ya Richard Tracy, mhandisi Mmarekani aliyeisimamia kwa miaka mingi hadi ikawa msingi wa kampuni ya Aerion: bawa jembamba, kali, lililolala kidogo tu. Vipande vya majaribio vya bawa hilo vilirushwa chini ya F-15B ya NASA huko California. Kampuni ilifungwa mwaka 2021 kwa kukosa fedha kabla ndege haijajengwa. Lakini kufilisika kwa kampuni si kushindwa kwa bawa, na watu wanachanganya mambo haya mawili mno.

Kwa daftari lako: kwenye Mach 1.6 mawimbi kutoka nukta yoyote yanafunguka kwa pembe ya nyuzi 38.7, kwa hiyo bawa lililolala chini ya nyuzi 51 bado lina ukingo unaotangulia mawimbi yake. Usikimbilie huo mpaka. Mimi ningeanza na nyuzi 15 na kushuka. Kisha chora mistari ya nyuzi 38.7 kutoka puani na kutoka mahali bawa linapoungana na kiwiliwili. Wimbi la mshtuko likiangukia katikati ya bawa, shinikizo linaruka pale pale na utulivu unaishia hapo, hata kama umefanya yote mengine sawasawa. Rekebisha kiwiliwili, usirekebishe bawa.

Kuhusu programu za kompyuta: XFOIL ni nzuri sana, lakini ni ya chini ya kasi ya sauti, usiilazimishe. SU2 inapatikana bure na inahesabu mawimbi ya mshtuko. Ila isipowekewa modeli ya mpito, inayokisia mahali hewa tulivu inapoanza kuvurugika, itakuchorea bawa lote lililovurugika, nawe utadhani umeshindwa.

Hatua ya 6: Linda ngozi

Kipimo cha haraka cha kibonge kimoja kilichosimama peke yake: gawanya 600 kwa nambari ya Reynolds ya kila mita. Kwetu inatoka milimita 0.09, kama karatasi ya kuandikia. Chochote kilichozidi hapo, kichwa cha ribiti, kiungo cha paneli kisichosawazishwa, rangi iliyochuruzika, kinaweza kufungua kabari ya vurugu nyuma yake. Karibu na ukingo wa bawa lililolala, hata kasoro ndogo zaidi ya hiyo inatosha kuviamsha vile vijiviringo.

Wadudu hugongwa zaidi karibu na ardhi, wakati wa kuruka na kutua. Yeyote aliyewahi kuwasha taa ya barazani Lubumbashi mvua za kwanza zinapoanguka, kumbikumbi wakitoka kwenye vichuguu, anajua ninazungumzia nini. Kiangazi kina taabu yake, vumbi jekundu. Ndege ya namna hii itafutwa mabawa kabla ya kila safari, na hilo liingie kwenye gharama.

Hatua ya 7: Yaone mawimbi kwenye maji

Maji ya kina kifupi yanayokwenda haraka kuliko viwimbi vyake yanatenda kama hewa inayokwenda haraka kuliko sauti. Tengeneza mfereji wenye sakafu ya kioo, upana sentimita 30, urefu mita moja na nusu. Mbele weka kilango cha bati unachoweza kukiinua kidogo kidogo, na nyuma yake pipa la lita 200 juu ya meza. Lenga kina cha milimita 6. Viwimbi vya kina hicho vinakwenda mita 0.24 kwa sekunde, kwa hiyo unataka maji yaende mita 0.39: kipande cha karatasi kivuke mita moja kwa sekunde 2.6. Unatumia lita 42 kwa dakika, na pipa moja linakupa zaidi ya dakika nne bila pampu.

Chomeka sindano ya kushonea. Viwimbi vitafunguka kama V, na kila mkono utafanya pembe ya nyuzi 39 hivi na mkondo. Isipokuwa hivyo, rekebisha kilango au mwinuko wa mfereji. Kisha weka kibao cha umbo la dengu, halafu kingine chenye pua ya mviringo. Kwenye cha kwanza wimbi linaanzia nchani. Kwenye cha pili linasimama mbele yake, nene, limejitenga. Usipime ukinzani hapa, tazama umbo la mawimbi tu. Mfereji hauonyeshi tabaka la mpaka.

Hatua ya 8: Ione vurugu kwa naftalini

Angani, NASA huitafuta vurugu kwa kamera ya joto. Kwenye mfano wetu ngozi iliyo chini ya hewa tulivu inaelekea nyuzi 38, na iliyovurugika nyuzi 42, ingawa nje ni baridi kali. Hatuna haja ya kamera hiyo.

Chukua kibao cha alumini cha sentimita 40 kwa 40, kipige msasa mpaka kidole kisisikie kitu, kipake rangi nyeusi ya kung'aa, na ukingo wa mbele uuchonge kwa tupa uwe mwembamba na wa mviringo laini. Saga naftalini, ile ya kuwekea nguo, iyeyushe kwenye asetoni, kisha mwombe fundi wa rangi za magari aipulizie iwe utando mweupe mwembamba. Fanya kazi hii nje, mbali na moto na watoto, ukiwa umevaa barakoa. Mvuke wake ni sumu na asetoni inawaka.

Bandika chembe moja ya mchanga ya milimita moja, sentimita 10 nyuma ya ukingo. Funga kibao kwenye karia, kiinuliwe nusu mita juu ya paa la gari ili kisikae kwenye hewa ambayo gari limekwisha kuivuruga, na kilale sambamba kabisa na mwendo. Nenda barabara ya Likasi alfajiri, kabla ya malori, kilomita 80 kwa saa, na usimame kila baada ya dakika tano kuangalia. Nyuma ya chembe naftalini itakwisha kwanza, na mahali pake utabaki upembe mweusi unaopanuka nyuzi 10 hivi kila upande, huku pembeni pakiwa bado peupe. Ukiona kibao chote kinakuwa cheusi kwa pamoja kuanzia mbele, ama hakikulala sawa, ama ukingo una mkwaruzo. Piga picha hapo hapo barabarani, maana jua likipanda naftalini iliyobaki nayo inaondoka.